Mbwa akikushinda, mrudishe kwa aliyekuuzia: uzoefu wangu wa kupokea mbwa niliowazalisha na kuwatafutia nyumba nyingine

MfugajiGoba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kuna mdau aliweka humu picha ya German Shepherd aliyefungwa mnyororo kwenye mwembe huku Madale, mbavu zinahesabika, chombo cha maji kimepinduka. Wengi walimshukia mwenye mbwa na walikuwa na haki. Swali lililoninyima mimi usingizi lilikuwa jingine: nani alimuuza? Mbwa yule hakuota pale chini ya mwembe. Alizaliwa bandani kwa mtu, mtu akahesabu pesa, akamkabidhi, akafunga geti.

Naandika kwa sababu na mimi nimewahi kufunga geti namna hiyo.

Nimeanza kuzalisha German Shepherd 2014, hapa Goba. Si mradi mkubwa. Nina majike matatu na dume moja, na jike akishazaa nampumzisha vya kutosha, ndiyo maana kwa miaka yote hii nimepata uzao nane tu. Uzao wa kwanza ulikuwa watoto saba, wakaisha ndani ya wiki mbili. Dume mmoja alikwenda Kimara kwa baba mmoja mstaarabu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya miezi saba akanipigia: "Kaka, huyu mbwa amenishinda. Anakula sana, anachimba bustani, mama watoto anamwogopa. Njoo umchukue hata kwa nusu ya bei." Nikamwambia biashara ilishaisha, atafute mteja mwingine. Nilikuwa nakula wakati ule, na nilimjibu bila hata kuweka kijiko chini.

Mwaka uliofuata nilikutana naye stendi ndipo nikajua kilichotokea. Alimpa mlinzi wa jengo lililokuwa linajengwa. Kule alifungwa usiku na mchana. Siku mnyororo ulipokatika akamng'ata mtoto wa jirani mguuni, na watu wakamuua palepale kwa mawe. Mbwa aking'ata mtu, akiwa hai hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Akizimaliza mzima inajulikana kwamba siku ile mate yake hayakuwa na kichaa. Huyu alikuwa ameshauawa na kufukiwa, kadi ya chanjo haijulikani iko wapi, kwa hiyo mtoto wa watu akachomwa sindano zote mpaka ya mwisho. Chanjo ya kichaa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu. Mimi nilimuuza akiwa na wiki nane, na baada ya hapo sikupiga hata simu moja kumkumbusha yule baba.

Tangu 2017 hakuna mtoto anayetoka kwangu bila karatasi iliyosainiwa na pande zote mbili, na sharti la kwanza ni hili: mbwa asipohitajika tena, kwa sababu yoyote, akiwa na umri wowote, anarudi kwangu kwanza. Hauzwi, hagawiwi, hatelekezwi. Mpaka leo nimetoa watoto 58. Waliorudi ni tisa.

Watatu walirudi kwa sababu ya nyumba: mwenye nyumba kakataa, au mtu kahamishwa kikazi na kule aendako anakwenda kupanga chumba na sebule. Mwingine mwenyewe alifariki na watoto wakawa mikoani. Mwingine aliua kuku wa jirani mpaka ikafika kwa mjumbe. Wawili walirudishwa kwa sababu "si wakali", na hapa naomba nikae kidogo.

Wakuu, kuna watu bado wanaamini mbwa anafanywa mkali kwa kulishwa pilipili na kufungiwa kwenye boksi la giza asione watu. Mtoto wa mbwa kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndipo anajifunza dunia ikoje: sauti ya bodaboda, mtoto anayekimbia, mtu mwenye mwavuli, mgeni anayeingia na mwenyeji akacheka naye. Ukimfungia gizani wakati huo hupati mlinzi, unapata mwoga. Na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata ovyo, kwa kuwa kila kitu kwake ni adui. Mmoja wa hao wawili alirudi ana miezi minane. Ukinyanyua mkono tu ushike kamba ya nguo, anajikojolea. Nilikuwa nakaa naye chini jioni, nimempa mgongo, nikimrushia vipande vya dagaa mmoja mmoja bila kumwangalia, na ilichukua wiki tatu kabla hajala akiwa karibu yangu.

Nitaeleza utaratibu ninaotumia kuwapokea. Kwanza nataka kusikia wafugaji wenzangu: nyie mnafanyaje mteja akipiga simu kwamba mbwa amemshinda?

Mzee wa Mnadani

Mkuu, nimesoma yote na nakuheshimu, lakini hapa unatubebesha mzigo. Mtu mzima kaja na akili zake, kamchagua mbwa, kalipa, kaondoka. Ukinunua ng'ombe Pugu, miezi saba baadaye unamrudisha mnadani kwa sababu anakula sana? Biashara yoyote haiendi hivyo. Ukiwazoesha wateja kurudisha, kila atakayechoka atakuletea, na wewe chakula utakipata wapi? Mimi mteja akinipigia namuunganisha na mtu anayetafuta mbwa, basi.

MfugajiGoba

Mzee wa Mnadani, ng'ombe wa Pugu wengi wanakwenda machinjioni wiki hiyohiyo, na kila mtu pale anajua. Mbwa wangu ataishi miaka 10 au zaidi, na mimi ndiye niliyeamua azaliwe. Mteja hakumpandisha jike, nilimpandisha mimi.

Hilo la kumuunganisha na mtu wa pili ndilo lililomuua yule wa Kimara. Mtu wa pili amepewa bure, hakusafiri, hakuuliza chochote, hakumwona mama wa mbwa. Akimchoka naye atampa wa tatu. Ukifuatilia mbwa wa kwenye minyororo, wengi wameshapita mikono mitatu.

Na gharama ninayo majibu yake. Kwenye bei ya kila mtoto natoa elfu hamsini naweka kwenye akaunti ya pembeni, siigusi hata nikiwa na shida. Hiyo ndiyo inalisha wanaorudi. Kwa watoto 58 waliorudi ni tisa, kwa hiyo haiwi mafuriko unayoyaogopa. Pia tangu nianze kuwaambia watu mapema kwamba mlango uko wazi, wananipigia tatizo likiwa bado dogo. Simu nyingi haziishii kwenye kurudisha kabisa. Mtu anasema mbwa anachimba, namuuliza anatembezwa saa ngapi, ananiambia hajawahi kutoka nje ya geti. Tunaanzia hapo.

Binti wa Muheza

Naomba na mimi niseme, japo ni mara ya kwanza kuchangia jukwaa hili.

Mimi nimewahi kurudisha mbwa. Si kwa mleta mada, ni kwa mfugaji mwingine wa Tanga. Tulimchukua jike akiwa mdogo kwa ajili ya ulinzi, mume wangu akamjengea banda zuri nyuma ya nyumba. Mwaka wa pili mama mkwe aliugua, ikabidi tumlete akae nasi. Ni mtu wa swala tano na ni mtu mzima, anatembea kwa kushika ukuta, na mbwa alimpenda, kila akitoka anamfuata na kumlamba miguu. Kwetu sisi mate ya mbwa ni najisi, inabidi kuosha mara saba, moja kwa udongo, na mgonjwa kama yule utamwosha mara ngapi kwa siku? Dini haikutukataza kumfuga mbwa wa ulinzi, hilo tunalijua na mama mwenyewe alilisema. Alisema "msimfukuze kwa ajili yangu." Lakini kumfungia bandani kutwa nzima tuliona ni kumdhulumu mbwa.

Nilimpigia yule mfugaji huku nalia, nikijua nitasemwa. Hakunisema. Aliuliza anakula nini, amelala wapi, anaogopa nini, akaandika. Jumapili akaja na gari lake. Alipata nyumba kwa mtu wa shamba la machungwa, na mpaka leo natumiwa picha zake. Yule mfugaji angenijibu vibaya siku ile sijui ningefanya nini, maana mume wangu alikuwa ameshaanza kuulizia watu wa mtaani.

MfugajiGoba

Dada yangu, ahsante sana kwa kuandika. Ulifanya lililo sahihi na yule mfugaji ni mtu wa kweli. Wengi hawarudishi kwa aibu. Wanaogopa kuulizwa "si ulisema utamtunza?", wanaona afadhali wamwachie mlinzi au wamtelekeze mbali. Ndiyo maana siku ya kukabidhi namwambia mteja mbele ya familia yake: siku ukinipigia kwamba umeshindwa, nitakushukuru kwa kupiga.

Na yale maswali matatu aliyokuuliza, wafugaji yaandikeni mahali. Mbwa anayerudi anakuja na maisha yake. Ukijua amezoea kula saa ngapi, analala wapi na anaogopa nini, umeshamwondolea nusu ya mateso ya kuhama.

Wakili Kijana

Mleta mada, sharti lako ni zuri ila naomba niweke jambo moja ili watu wasiingie matatani. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mbwa ni bidhaa, na umiliki unahamia kwa mnunuzi pale mlipokubaliana uhamie. Ukishapokea pesa na kumkabidhi bila masharti, mbwa si wako tena. Nimeona wafugaji wanaopita nyumbani kwa mteja, wakikuta mbwa amekonda wanamchukua kwa nguvu. Huo ni mgogoro utakaokufikisha polisi wewe, si yeye.

Kinachokulinda ni maandishi ya kabla ya mauzo. Yaseme kwamba mnunuzi anaahidi kukupa wewe nafasi ya kwanza ya kumchukua, yaseme nani analipa usafiri, na yaseme kama kuna pesa ya kurudishwa au hakuna. Mkiacha hilo wazi mtagombana. Ukikuta mbwa anateswa na mwenyewe hataki kumtoa, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Anza serikali ya mtaa na afisa mifugo, piga picha, andika tarehe. Ni njia ndefu, lakini ndiyo njia.

MfugajiGoba

Nashukuru wakili. Niseme wazi, nimewahi kumchukua mmoja kabla ya mkataba wangu kuwa na kifungu hicho, na nilimpata kwa kumbembeleza mwenyewe saa mbili nzima sebuleni kwake. Nilimnywea chai yote. Sikuinua sauti hata mara moja, maana nilijua nikimkasirisha mbwa ndiye atakayelipa.

Kuhusu pesa, utaratibu wangu ni huu. Ndani ya siku 14, daktari wa mifugo akithibitisha kwamba mtoto alitoka kwangu mgonjwa, narudisha pesa yote. Baada ya hapo sirudishi. Mteja hanilipi, nami simlipi. Kuna walioniona mnyang'anyi: "Unamchukua bure, kisha unamuuza tena!" Simuuzi kwa bei ya mtoto. Nyumba mpya inachangia laki moja na nusu, ambayo inaishia kwenye chanjo, dawa za minyoo na kufunga kizazi. Sababu ni kwamba nikianza kupata faida kwa mbwa aliyerudi, nitaanza kumtafuta mwenye pesa kabla ya kumtafuta mwenye nafasi. Najijua, ndiyo maana nimejizuia.

Mtu wa Leicester

Salaam kutoka Uingereza. Huku nilipo sharti la mfugaji kumpokea mbwa wake ni jambo la kawaida kwa wafugaji wanaojiheshimu. Kennel Club, chama kinachosajili mbwa huku, ilikuwa na mpango wa wafugaji waliothibitishwa, na moja ya masharti lilikuwa kusaidia kumtafutia mbwa nyumba nyingine wakati wowote wa maisha yake. RSPCA, shirika la kutetea wanyama, na wadau wa madaktari wa mifugo wana mkataba wa mfano ambao mtu anaupata bure.

Chipu imesaidia sana. Tangu Aprili 2016 kila mtoto wa mbwa England lazima awe amewekewa chipu kabla ya kufikisha wiki nane, na jina la kwanza kusajiliwa ni la mfugaji. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi, kina namba yenye tarakimu 15. Mbwa akiokotwa, anasomwa, na anayepigiwa simu anajulikana. Halafu Aprili 2020 ikaja Sheria ya Lucy, iliyopewa jina la mbwa jike aliyeokolewa kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales. Sasa England hairuhusiwi dalali au duka kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita. Unanunua kwa mfugaji mwenyewe, ukimwona mama yake.

Pamoja na hayo yote, wakati wa korona watu walifungiwa ndani wakanunua mbwa kwa wingi, na kazi ziliporudi wengine wakaanza kuwagawa. Jirani yangu mmoja mfugaji alipokea wanne wake.

MkulimaNakuru

Hapa Kenya vilevile tuna shida hiyo. Mimi nafuga Boerboel, wale mbwa wakubwa wa ulinzi. Wale wangu nimewasajili East Africa Kennel Club kule Nairobi, na nimegundua karatasi zinaweza kuwa za msaada au za madhara. Mbwa anaporudi na karatasi zake, simu zinaanza kuingia za watu wanaotaka kumzalisha, hawana haja na mbwa mwenyewe. Siku hizi akirudi kwangu nazishika karatasi, namfunga kizazi, ndipo natafuta boma. Ukisema amefungwa kizazi, nusu ya wanaopiga simu hukata.

Swali kwa mwenye uzi: ukimpokea mbwa mkubwa unamweka wapi? Nina watoto wa wiki tano hapa na naogopa magonjwa.

MfugajiGoba

Ndugu wa Nakuru, una haki ya kuogopa. Hili nilijifunza kwa kupoteza.

Mwaka 2018 alirudi jike wa miezi mitano kutoka Mbagala. Alifika mchangamfu, anatikisa mkia, na mimi kwa furaha ya kumwona nikamwachia uwanjani azunguke na wenzake. Nilikuwa na watoto wa wiki sita. Siku ya nne yeye akaanza kutapika na kuharisha damu, harufu ile ambayo mfugaji akishaisikia mara moja haisahau. Parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua sana watoto wa mbwa. Chanjo aliyopaswa kumaliziwa na mteja haikumaliziwa. Siku ya tisa watoto wakaanza. Nilikuwa na watoto sita, wakafa wanne ndani ya siku tano. Tuliwawekea dripu usiku kucha, mke wangu ameshika tochi, mimi nimeshika mguu usitingishike. Yule jike mwenyewe alipona.

Sasa hivi nina banda moja pembeni kabisa ya kiwanja, nimelipiga saruji, lina vyombo vyake na ndala zake. Anayerudi anakaa humo siku 14 kwanza, hata kama mteja ananiapia amechanjwa. Nawahudumia wa huku nyumbani kwanza, yeye namwendea mwisho. Kama huna nafasi ya namna hiyo, muombe ndugu asiye na mbwa akukalie naye.

Daktari Moro

Mimi ni daktari wa mifugo, naongezea machache.

Kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo mwaka na zaidi. Kwenye saruji, osha kinyesi chote kwanza, kisha mwaga jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, iache dakika kumi. Kwenye udongo jiki haisaidii, kwa hiyo usimwage ukajidanganya. Mtoto anachanjwa kuanzia wiki 6 hadi 8, na anarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Ile sindano moja ya siku ya kuuzwa haitoshi, na ndipo wateja wengi wanapoishia.

Kwa mbwa mkubwa anayerudi, mchunguze damu kwa magonjwa ya kupe, hasa ehrlichia. German Shepherd inamwumiza kuliko jamii nyingi. Anaweza kuonekana mvivu tu, "amenenepa hataki kulinda", kumbe damu yake imeishiwa nguvu, wengine hutokwa damu puani. Nimeletewa mbwa aliyerudishwa kwa uvivu, tukampa vidonge vya doxycycline wiki nne, akawa mbwa mwingine. Mwenyewe wa kwanza alitaka arudishiwe tena.

Na nyonga zipigwe eksirei kabla hujamwahidi mtu mwenye shamba kubwa. German Shepherd wengi wana tatizo la nyonga. Mbwa wa aina hiyo anafaa nyumba tulivu, hafai kukimbia na ng'ombe.

Kaka Tupo

Mleta mada, naomba ukweli. Hao tisa wote walipata nyumba? Maana huwa tunasikia hadithi nzuri tu.

MfugajiGoba

Hapana. Watano walipata nyumba. Wa sita bado namtafutia. Wawili ninao hapa, watazeekea hapa, ndio wanaonisindikiza nikienda kufunga maji usiku. Mmoja tulimlaza kwa sindano.

Huyo sikumtaja mwanzoni. Alirudi kwa sababu alikuwa amemng'ata mtu. Alikuwa na miaka mitatu, amelelewa kwa kupigwa. Nilikaa naye miezi saba. Kwangu mimi alikuwa mpole, lakini akimwona mtoto mdogo macho yake yalibadilika, na siku moja alimrukia mpwa wangu, akamkosa kwa sababu kamba ilikuwa mkononi mwangu. Daktari alikuja hapa nyumbani. Nilimshika kichwa mpaka mwisho. Wapo walioniambia ningemtafutia mtu asiye na watoto. Nilimtafuta. Lakini mtaa wowote Dar una watoto, na geti lolote kuna siku linasahauliwa wazi. Nikimpa mtu mbwa huku najua ninachokijua, kisha mtoto aumie, nitakuwa nimerudia ya Kimara, safari hii kwa kukusudia. Mpaka leo jina lake silitaji nyumbani.

Waliopata nyumba, njia haikuwa ya haraka. Dume mmoja alirudi kutoka Dodoma ana miaka miwili. Watu kumi na moja walimtaka. Niliwatembelea wanne, nikakuta wawili tayari wameandaa mnyororo. Aliyempata ni mwalimu mstaafu wa Kibaha, anaishi na mjukuu mmoja. Kilichonishawishi ni kwamba aliniuliza mbwa analala upande gani wa mlango. Nilimpa kwa majaribio ya wiki mbili, kwa makubaliano kwamba yeyote kati yetu anaweza kusema hapana.

Siku nne hakula. Mwalimu alinipigia kila jioni amechanganyikiwa. Nilimwambia asimbembeleze, asimwogeshe, asiwaite majirani kuja kumwona, aweke sahani, akae karibu asome gazeti lake, baada ya robo saa aitoe. Siku ya tano alikula dona na dagaa akamaliza, akaenda kulala kwenye miguu ya yule mjukuu. Watu wengi humrudisha mbwa siku ya tatu wakidhani amewakataa. Hajakataa mtu, bado anamsubiri yule wa zamani aje kumchukua.

Mzee wa Mnadani

Mkuu, nilikuja kwa kupinga na sehemu bado napinga, hiyo elfu hamsini kwa wafugaji wadogo ni kubwa. Lakini nina dume nililouza Chanika mwaka jana, mteja alinipigia mara mbili mwezi huu na sikupokea, nilijua anataka nini. Nimempigia leo mchana. Mbwa bado anaye. Naomba hiyo karatasi yako ya mkataba niione.

MfugajiGoba

Mzee wangu, njoo PM nikutumie. Ibadilishe upendavyo, ila kifungu cha kwanza kiache. Na ukimpokea huyo wa Chanika, siku 14 mbali na wenzake. Kama huna banda la pembeni niambie, langu liko tupu mpaka mwisho wa mwezi.

Mama wa Kibamba

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Niliona kwenye ukurasa wako kuna jike wa mwaka mmoja na nusu amerudi. Tuna uwanja uliozungushiwa ukuta, watoto wawili wa miaka 9 na 12, na mbwa mmoja koko wa kiume tuliyemwokota, ana miaka mitano, mpole. Mume wangu anataka mbwa wa ulinzi, mimi nataka mbwa ambaye watoto watatembea naye. Hatujawahi kufuga mbwa mkubwa. Nimeogopa kuuliza kwa sababu umesema unakagua.

MfugajiGoba

Dada, nakagua kwa ajili yake, hata hao unaowaona wazuri nawakagua. Usiogope. Huyo jike amerudi kwa sababu ya uhamisho, hana kosa lolote. Chanjo zote zimekamilika, kizazi amefungwa wiki iliyopita na nyuzi zinatolewa Ijumaa. Anaogopa radi na sauti ya fagio la chelewa, kingine sijaona. Amezoea kula saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Njooni Jumamosi saa kumi, jua likipungua. Njooni wote wanne, na huyo koko wenu mje naye, lakini asiingie ndani. Tutawakutanisha barabarani, wewe umshike wako, mimi nimshike wangu, tutembee upande mmoja umbali wa kutosha bila kuwaacha wanusane kwanza. Watoto wavae viatu vya kufunga na wasije na chakula mkononi. Mwambie mdogo asimwite, akae tu chini kwenye ngazi. Akitaka, atamfuata mwenyewe.